Upande Wake wa Diski

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imefika kabla ya watu wa hali ya hewa kuitangaza. Asubuhi chumba cha chini cha ofisi yetu kilikuwa bwawa. Sisi ndio wachoraji wa ramani za mabomba ya maji ya mji mzima, na leo maji yametufuata mpaka mezani. Nilisema hivyo kwa sauti. Akacheka dereva peke yake.

Mkuu wa kitengo alitukusanya kwenye ngazi, suruali kaikunja hadi magotini. Kompyuta zote za chini zimelowa. Kila mtu afanyie kazi nyumbani mpaka ofisi ikauke. "Mwenye kompyuta yake aseme."

"Ninayo ya marehemu mume wangu," nikasema.

Wote wakatazama viatu vyao. Nimezoea. Ukitaja neno marehemu mbele ya watu wenye haraka, viatu ndivyo vinavyopata faida.

Shida ni kwamba programu yetu ya ramani haiendi kwenye mfumo wa kuendeshea kompyuta walio nao watu wengi. Inataka ule wa bure, ambao ofisi iliuhamia mwaka jana. Mkuu akanipa flashi na karatasi ya maelekezo. "Huufuti wa kwanza. Unaweka wa pili pembeni yake. Ukiwasha mashine, unachagua uingie wapi. Ni kazi ya asubuhi moja, dada yangu."

Jumanne, 4 Machi

Laptopu iko pale mume wangu alipoiacha, juu ya meza ya dirishani sebuleni, karibu na kiti chenye mto. Mimi sijaifungua tangu alipofariki. Anayeifungua ni mama yake.

Mama mkwe alikuja hapa figo za mwanawe zilipogoma, akamuuguza pamoja nami, tukamzika, na baada ya mazishi akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki, wala hakuna aliyemwambia aende. Mimi na mume wangu hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna hata wa kupita katikati yetu akitupa mpira. Tunaongea habari za gesi, chumvi, na nani afunge mlango. Kwa heshima zote. Heshima yenyewe imekuwa kama pazia zito. Husaidia mtu asione ndani.

Kila siku baada ya chakula cha mchana anaketi pale, kaupa mlango mgongo, anafungua mashine na kukaa nayo saa nzima. Nikiingia anaifunga. Nadhani anaangalia picha. Sijawahi kumuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sijamwambia bado.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anaosha vikombe.

"Mama, ofisi imenipa kazi. Nataka kuweka mfumo wa pili kwenye kompyuta."

"Wa kwanza umekosa nini?"

"Haujakosa kitu. Nauacha ulivyo. Ni kama kugawa chumba kwa ukuta. Huku kazi yangu, huku vitu vyake."

"Ukuta huo una mlango?"

Nikafikiri. "Hauna. Ukitaka kwenda upande mwingine unatoka nje kabisa, unazima, unawasha upya."

"Basi hicho si chumba kilichogawanywa. Ni nyumba mbili zilizonuniana." Akakifuta kikombe kilichokuwa kikavu tayari. "Na yeye anabaki wapi?"

"Anabaki kwake, Mama."

Akachukua kikombe kingine. Usiku huu hakuniaga alipokwenda kulala.

Jumamosi, 8 Machi

Karatasi ya maelekezo inasema: kwanza nakili kila kitu cha upande wa zamani mahali salama. Nimelisoma sharti hilo nikalipita, kama mtu anavyopita mbele ya chumba cha mgonjwa akijifanya ana haraka. Kunakili ni lazima ufungue mafaili, na mafaili yale ni yeye mtupu.

Sharti la pili halikupitika. Lazima uingie kwenye mfumo wa zamani ili upunguze sehemu yake ya diski, upate nafasi tupu. Nikawasha. Ikaniomba nenosiri.

Nilikaa nikiitazama ile nafasi nyeupe. Nimeishi na mtu miaka yote hiyo, najua upande gani wa mdomo anaotafunia, na nenosiri lake silijui. Hatukuwa tukifichana. Haikuwahi tu kutokea nikalihitaji.

"Sogea," Mama akasema nyuma yangu.

Nikasogea. Akainama, akakinga kibodi kwa kiganja cha kushoto, akaniambia, "Geuka huko." Nikageuka kama mtoto. Nikasikia kidole chake kimoja kikigonga polepole, herufi moja moja, kisha ule mlio mdogo wa kukaribishwa.

"Tayari," akasema, akaondoka.

Sikutazama kitu isipokuwa kidirisha cha diski. Mume wangu alikuwa mchoraji wa nyumba, na hata kwenye skrini alipanga vitu vyake kama vyombo kabatini. Niliona kwa pembe ya jicho mafaili yamejipanga mstari, nikakaza macho pale kazi ilipo. Mashine ikauliza nataka nafasi kiasi gani. Nilichukua kidogo sana, kama mgeni anayeketi ukingoni mwa kiti ili asionekane amekuja kukaa.

Moyoni nina kijiwe. Mama yake analijua nenosiri lake, mimi silijui.

Jumapili, 9 Machi

Nimefaulu. Nauandika ushindi huu maana hapa ndani hakuna wa kumwambia.

Flashi haikutaka kusoma mwanzoni. Karatasi ikasema niingie kwenye mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, ile ya herufi nyeupe juu ya rangi ya bluu, nizime kitu kinachoitwa ulinzi wa kuwashia. Nikazima. Flashi ikakubali mara moja. Nikaionyesha ile nafasi tupu, ikaanza kujaza, mstari wa kijani ukitambaa kutoka kushoto kwenda kulia. Nje mvua ilikuwa inashuka kwa ukamilifu wake wote. Mama alikuwa chumbani kwake amejipumzisha.

Mwishoni mfumo mpya ukaniuliza: Jina lako nani?

Ni swali la kila mashine, najua. Lakini nilikuwa na siku nyingi sijaulizwa chochote kinachonihusu mimi. Niliandika jina langu lote, na la baba, na la babu, mpaka nafasi ikaisha.

Nimefanya kazi mpaka magharibi. Upande huu hauna chochote. Skrini tupu, rangi ya kijivu, hakuna mtu. Nimeupenda.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo yameharibika.

Baada ya chakula nilihifadhi ramani zangu, nikamwita Mama nimwonyeshe namna ya kuchagua. "Ukiwasha, itakuletea mistari miwili. Wa juu ni wa kwangu, wa chini ni wa kwake. Bonyeza mshale huu wa kushuka, kisha hiki."

Akavaa miwani, akabonyeza. Aliketi wima, mikono kaiweka tayari juu ya kibodi, kama mtu anayesubiri kupewa mtoto ashike.

Badala ya mahali pa nenosiri, skrini ikawa ya bluu tupu, na maneno: weka ufunguo wa kurejesha. Chini yake visanduku vya namba, vimefuatana mstari mrefu.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Inataka ufunguo."

"Nenosiri ninalijua."

"Si hilo, Mama. Ni namba ndefu. Diski yake ilikuwa imefungwa kwa siri, mimi sikujua. Sasa inanihisi mimi ni mwizi."

"Namba hiyo anayo nani?"

"Alikuwa nayo yeye."

Akaondoa mikono kwenye kibodi kwa haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa gauni. Yote hayo polepole. Nilitamani angepiga kelele.

"Umemfungia mwanangu ndani," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, mvua ilikuwa karibu kuimeza. "Nilimzika mara moja nikanyamaza. Ya pili hii sijui niifanyeje."

Akaenda chumbani kwake. Nilimfuata hadi mlangoni, nikainua mkono kubisha, nikaushusha.

Nimejaribu kila nilichoweza. Nimewasha na kuzima mpaka mashine imepata joto. Nimesoma intaneti kwenye simu, watu wa nchi zote wanalia kilio hikihiki, na jibu ni lilelile: ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye kompyuta. Mwenye kompyuta. Wanaandika kana kwamba mtu huyo yuko chumba cha pili anavaa viatu.

Ninachojiuliza ni hiki. Kama sikutaka kabisa kuona vitu vyake, kwa nini siwezi kulala kwa kuwa havionekani?

Jumanne, 11 Machi

Chakula chake nimekikuta mezani hakijaguswa.

Alhamisi, 13 Machi

Wifi amepiga simu. Dada wa marehemu, anayeishi mji mwingine, ng'ambo ya daraja lililozama. Mama amemwambia.

"Wifi, ungeuliza kwanza," akasema. "Vitu vya kaka si vyako peke yako."

"Ni kweli, wifi."

"Barabara ikipitika nakuja kumchukua Mama. Ameshakawia huko. Na mimi hali yangu unaijua, tumbo limekuwa kubwa, nahitaji mtu."

Sauti ikakatika. Nimebaki nacheka peke yangu jikoni kicheko kibaya: katika nyumba hii wifi zote mbili hukatika mvua ikinyesha, ya ukoo na ya intaneti.

Kisha nikaacha kucheka. Kuchukuliwa kwa Mama sikuwahi kukufikiria kama jambo linaloweza kutokea.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Kazi nyingi. Mabomba yanapasuka kila mtaa.

Jumatatu, 17 Machi

Mama amekuja sebuleni saa ileile aliyozoea, akaketi kwenye kiti kilekile mbele ya mashine iliyofungwa. Hakuifungua. Mimi nilikuwa sakafuni na karatasi zangu. Tulikaa hivyo. Baadaye akasema, bila kugeuka:

"Ukilijua nenosiri lake litakusaidia?"

"Labda. Huenda alitumia hilohilo kwenye akaunti yake."

Akafuta kifuniko cha mashine kwa kiganja.

"Penseli," akasema. "Herufi ya kwanza kubwa. Halafu mwaka mliooana."

Kalamu ikaniponyoka. Penseli ni mimi. Aliniita hivyo siku ya kwanza tulipokutana, kwa wembamba wangu na kwa penseli niliyokuwa nimeichomeka kwenye nywele, na hakuwahi kuniita vingine tukiwa wawili. Sikujua kama mtu mwingine duniani alilijua jina hilo.

"Kila siku naandika jina lako ndipo anifungulie," Mama akasema. "Mwanzoni liliniuma, usidhani. Nilimzaa mimi. Nikasema, hata humu amemweka mke wake mlangoni."

"Mama, mimi niliumia kwamba wewe unalijua na mimi silijui."

Akageuka, akanitazama juu ya miwani. Hakutabasamu, lakini kitu fulani usoni kililegea. "Basi tumeumizwa na kitu kimoja, kila mtu kwa upande wake. Haya, jaribu."

Nimejaribu. Nenosiri limekubaliwa! Kisha akaunti ikasema imetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yake. Laini ile ilikufa zamani. Nilipoipiga akapokea mwanamke nisiyemjua, mtoto analia nyuma, akaniuliza kwa upole namtafuta nani. Nikamwambia nimekosea.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia Miwani.

Miwani, kama tulivyozoea kumwita, alikuwa rafiki wa karibu wa mume wangu, mtu wa kompyuta tangu ujana wao. Alikuwa akila kwetu hata bila kualikwa. Alibeba jeneza mbele kabisa. Tangu siku ile hajapiga simu wala kubisha hodi, na mimi nilikwisha kumfuta katika hesabu ya watu wangu. Leo nilizunguka jiko mara kadhaa kabla ya kubonyeza.

"Shemeji!" akaitikia haraka mno. "Nilikuwa nataka kukupigia."

"Tangu mazishi?"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Sikujua niseme nini, shemeji. Kila siku ilipopita ikawa vigumu zaidi. Nikaona sasa nikipiga nitaonekana mtu wa ajabu."

"Ungesema habari za asubuhi. Ningejibu nzuri. Ingetosha."

"Nisamehe."

Nilikuwa na maneno mengine makali, nimeyatunza miezi yote hii kama nguo za sikukuu. Lakini aliposema nisamehe nilisikia analia, mtu mzima, nikaona nguo zenyewe hazinitoshi tena. Nikamweleza habari ya mashine.

Alibadilika mara moja, akawa fundi. "Ile skrini ya bluu ilitokea baada ya kufanya nini? Taratibu. Ulibadilisha kitu kwenye mipangilio ya ndani?"

"Nilizima ulinzi wa kuwashia. Flashi ilikataa."

"Uliuwasha tena?"

"Karatasi haikusema."

"Shemeji, sikiliza. Diski yake imezoea kumkuta mlinzi mlangoni. Umemwondoa mlinzi, ikaogopa, ikajifunga. Mrudishe mlinzi alipokuwa. Mara nyingi ikimwona inatulia yenyewe, haikuulizi ufunguo."

"Na mfumo wangu mpya?"

"Matoleo ya siku hizi yanakaa na mlinzi bila ugomvi. Ila usiniapishe. Umeme ukoje huko?"

Umekatika tangu jana, na betri ya mashine imeisha. Tumekubaliana nimpigie umeme ukirudi. Kabla ya kukata akasema, "Shemeji, habari za asubuhi." Ilikuwa jioni.

Jumatano, 19 Machi

Umeme bado.

Alhamisi, 20 Machi

Bado. Mama amekula vizuri.

Ijumaa, 21 Machi

Umerudi asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. Taa ya jikoni ilipowaka tulitazamana, tukainuka pamoja bila kusemezana.

Miwani kwenye simu, sauti imefunguliwa kubwa. Mama amesimama nyuma yangu ameshika egemeo la kiti. Nikaingia ndani kwenye herufi nyeupe, nikatafuta ule mstari, nikauwasha tena, nikahifadhi. Mashine ikazima. Ikawaka. Mistari miwili. Nikashuka kwa mshale.

Giza. Duara dogo likazunguka, likazunguka. Kisha mahali peupe pa kuandikia.

"Imekubali?" Miwani akapiga kelele kule.

"Imekubali," nikasema, na Mama akasema neno hilohilo wakati huohuo.

Nikainuka nimpishe kiti. Akaandika jina langu kwa kidole kimoja, na safari hii hakulikinga kwa kiganja. Mlio wa kukaribishwa ukalia. Nilikuwa natafuta namna ya kutoka ili nimwache na picha zake, lakini nikaona amefungua kitu cha kijani, mstatili kama zulia, na juu yake karata zimepangwa safu.

"Karata?" nikasema.

"Ndiyo, karata. Ulidhani nini?"

"Nilidhani unaangalia picha zake."

"Picha za nini? Sura yake ninayo, nimeanza kuitazama kabla yako." Akaburuta karata nyekundu juu ya nyeusi. "Alinifundisha alipokuwa hawezi tena kukaa muda mrefu. Yeye analala pale, mimi nachezea hapa, ananiambia, Mama, shusha ile ya saba. Mpaka leo nikikwama nasikia, shusha ile ya saba. Sijawahi kuumaliza mchezo hata mara moja. Na hiki kimshale ukikosea kinakurudisha nyuma. Nakitumia sana, usimwambie mtu."

Nikacheka. Miwani naye akacheka, tulikuwa tumemsahau kwenye simu.

Tulipobaki wawili Mama akauliza, macho yake kwenye zulia la kijani: "Wewe kwa nini hukuwahi kuketi hapa?"

"Niliogopa, Mama."

"Mimi nilidhani umeshamchoka. Nikasema, mjane kijana huyu, ameshafunga ukurasa. Ndiyo maana nilikuwa nafunga ukiingia. Sikutaka uone mzee anavyong'ang'ania."

"Na mimi nilidhani unafunga kwa sababu humo ndani si mahali pangu."

Akashusha karata. "Tumeishi nyumba moja," akasema, "tukidhaniana."

Jumamosi, 5 Aprili

Tumekuwa na utaratibu. Asubuhi mashine ni ya mabomba, mchana ni ya karata. Saa yake ikikaribia Mama anapita nyuma yangu akikohoa, kisha anasema, "Zamu." Nazima, anawasha. Wakati anacheza mimi namenya viazi palepale na kumwambia anakosea. Ananiambia nichore mabomba yangu.

Leo ameniuliza kama huwa namwota mwanawe. Nimemwambia ndoto ni zilezile, anaingia amelowa anaulizia taulo. Akasema, "Kwangu anakuja mdogo, hana meno ya mbele." Tukanyamaza. Ulikuwa ukimya mwingine kabisa na ule wa zamani.

Jumatatu, 14 Aprili

Miwani amekuja na mkate. Alikaa ukingoni mwa kiti. Mama alimwambia amenenepa, akafurahi.

Jumapili, 27 Aprili

Daraja limefunguliwa. Wifi anakuja Jumatano.

Jumatano, 30 Aprili

Aliingia na tumbo limemtangulia, mume wake akabaki kwenye gari. Tulikumbatiana kwa ubavu, maana mbele hapakuwa na nafasi. Alikuwa amekuja na maneno, nilimwona ameyabeba, lakini alipomkuta mama yake ananigombeza kwa kuunguza maharage hakujua ayaweke wapi.

Wifi alipokwenda kupanga vitu garini nilisema lile nililokuwa nimelizuia wiki nzima.

"Mama, kaa."

Alikuwa anakunja gauni. Hakuacha kukunja.

"Ningekuwa wawili, mmoja angekaa," akasema. "Lakini niliuguza mmoja akaenda. Niache nikapokee mmoja anayekuja. Nikikosa na hilo nitakuwa na kazi gani duniani?"

"Basi chukua kompyuta. Nitawaambia ofisini."

"Na mabomba? Watu wakose maji kwa ajili ya karata zangu?" Akaniwekea kiganja shavuni. Hakuwahi kunigusa uso kabla ya leo. "Hiyo ni yako, Penseli."

Alilitamka vibaya kidogo, kama mtu anayevaa kiatu cha mwingine. Kisha akatoka, akashikwa mkono kupanda gari, na gari likateleza kwenye tope, likashika njia.

Nimefua mashuka yake. Hayajakauka, hakuna jua.

Ijumaa, 2 Mei

Manyunyu. Nimepika chakula cha wawili.

Jumatatu, 5 Mei

Saa ya zamu ilifika. Niliendelea kuchora.

Alhamisi, 8 Mei

Wifi amejifungua mtoto wa kike. Mama alizungumza kwa haraka, nyuma yake watu wengi. Akasema mtoto ana masikio ya ukoo, makubwa. Nikamwuliza kama anacheza karata kwenye simu ya mkwewe. "Nani ana nafasi?" akasema.

Ni furaha, najua. Nimeifurahia. Kisha nikawasha redio chumbani ili pawe na mtu anaongea.

Jumatano, 14 Mei

Ofisi imekauka, lakini Mkuu anataka kwanza ramani moja ya mji mzima, mabomba yote yaliyopasuka msimu huu. Nimeichora siku nyingi. Leo mchana nimebonyeza kuihifadhi, na upande wangu umekataa. Nafasi imejaa. Nilichukua kidogo mno siku ile.

Nafasi ipo tele, upande wake.

Nimezunguka nyumba nzima. Hatimaye nimempigia Mama, maana nilimwahidi kwamba kwake hakutaguswa.

"Mama, mahali pangu pamejaa. Itabidi nipunguze kwake. Vitu vyake vyote vitabaki, ni nafasi tupu tu inayopungua. Ila sikutaka kufanya bila kukwambia."

Nikatazama skrini ya simu nione kama amekatika. Hakuwa amekatika. Nilimsikia akihamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine.

"Mwachie panapomtosha," akasema. "Alipoondoka hakuwa na mwili mkubwa."

Hakungoja jibu. Akaniambia nifanye akiwa hapohapo kwenye simu, nisifanye peke yangu.

Ramani nikaiegesha kwa muda kwenye flashi, nikazima, nikawasha, nikashuka kwa mshale. Niliandika jina langu mimi mwenyewe mlangoni kwake kwa mara ya kwanza, na mwaka ule, na ukuta wake ukanifungukia: ule mstari wa mafaili, nyumba alizochora kwa majina ya wenye nyumba, jalada moja limeandikwa Penseli. Nilimwambia Mama lipo. Akauliza lina nini. Nikasema sijui, si leo. Akasema sawa. Mafaili yote nikayanakili kwanza kwenye diski ya nje aliyoniletea Miwani. Lile la Penseli nikalinakili likiwa limefungwa. Kisha nikafungua kile kidirisha, nikachukua nafasi ninayoihitaji, mara hii bila kuketi ukingoni. Nikarudi upande wangu, nikauongezea, nikaifungua ramani, nikabonyeza.

"Imekubali?" Mama akauliza.

"Imekubali."

"Haya, mwanangu. Huyu analia."

Akakata. Nikaiweka simu chini, nikavuta kiti karibu na meza, nikaendelea na bomba la mtaa wa sokoni, lililopasuka sehemu tatu.